KIOO KINAPOZIMIKA GHAFLA: MAELEZO KUHUSU VITUFE VYA KULAZA KOMPYUTA

Kwa kawaida ukurasa huu hubeba matangazo ya zabuni, nafasi za kazi na ratiba za huduma. Safari hii nafasi imetolewa kwa maelezo ya jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo huwapotezea watumishi kazi yao na wananchi muda wao. Jambo lenyewe ni kioo cha kompyuta kuzimika ghafla baada ya mtu kugusa kitufe fulani, au kukataa kuzimika pale anapotaka kizimike. Wengi huliita ubovu wa mashine. Mara nyingi si ubovu, bali mashine imetii amri ambayo aliyeitoa hakujua kuwa ameitoa.

YALIYOONEKANA HANDENI NA KOROGWE

Mwandishi wa maelezo haya alipata kupita wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kwa shughuli za kikazi. Wasomaji wa visiwani, hasa wa Pemba, hawahitaji kuelezwa mengi juu ya mkoa huo, kwani ni jirani wa ng'ambo na wengi wana jamaa huko. Ofisi zilizohusika hazina haja ya kutajwa, kwa sababu yaliyotokea huko hutokea pia Wete, Mkoani na Mjini Magharibi.

Katika ofisi moja ya Handeni alikuwapo bibi mmoja aliyetoka kijijini kabla ya jua kuchomoza. Alifuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake aliyetakiwa kuandikishwa shule. Karani, kijana mpole na mwenye bidii, alikuwa akiandika orodha ya waombaji tangu asubuhi. Alipofika kwenye jina la mtoto yule alikosea herufi moja, akapeleka kidole kuifuta bila kutazama, na papo hapo kioo kikawa cheusi.

"Samahani, bibi," alisema karani. "Mtambo umelala."

"Kama umelala, mjukuu wangu, si uuamshe?"

Karani alijua njia moja tu. Alibonyeza kitufe cha kuwashia, akakishikilia hadi mvumo wa feni ukakoma, kisha akawasha upya. Mashine ilirudi, lakini orodha haikurudi, kwani hakuwa ameihifadhi hata mara moja tangu alipoianza. Bibi akaambiwa arudi kesho. Alikuwa na nauli ya kurudi kijijini siku ile, si ya kuja tena siku ya pili.

Siku mbili baadaye, katika ofisi nyingine mjini Korogwe, jambo lilikwenda kinyume chake. Mtumishi mmoja alikuwa na shauri la mirathi ya familia fulani mbele yake katika kompyuta ya mkononi. Aliitwa chumba cha pili. Kwa nia njema, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kioo kikazimika, akaondoka akiamini kuwa amefunga. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri aliweka kikapu chake juu ya meza ile ile, kipanya kikasogea, na kioo kikawaka. Majina ya warithi na mafungu yao yalikuwa wazi mbele ya foleni nzima, na katika foleni hiyo alikuwamo jirani wa familia yenyewe. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika sokoni.

Karani wa Handeni alidhani kioo cheusi ni mashine iliyokufa, na mtumishi wa Korogwe alidhani kioo cheusi ni mlango uliofungwa. Wote wawili walikosea kwa sababu moja, nayo ni kutojua kitufe walichobonyeza kilifanya nini hasa.

KIOO NA MASHINE NI VITU VIWILI

Kompyuta ina sehemu inayofanya kazi na kutunza kumbukumbu, na ina kioo kinachoonyesha tu. Kioo kinaweza kulala ilhali mashine iko macho na inaendelea na kazi yake, mfano wa mtu aliyefumba macho huku akisikia kila linalosemwa chumbani.

Desturi ya kulaza kioo ina sababu zake. Wazee wa Unguja wanakumbuka televisheni za mwanzo wa miaka ya 1970, zenye kioo kinene na mgongo mrefu. Vioo vya kompyuta vya miaka ya 1980 na 1990 vilikuwa vya aina hiyo hiyo. Picha moja ikikaa juu yake kwa muda mrefu iliacha alama isiyofutika. Tena vilikula umeme mwingi, kwa kawaida kati ya wati 60 na 100, hata pale ambapo hakuna anayevitazama.

Mwaka 1992 Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani ulianzisha mpango wa Energy Star wa kutambulisha vifaa vinavyobana matumizi ya umeme, na vifaa vya kwanza kuingizwa vilikuwa kompyuta na vioo vyake. Mwaka uliofuata, 1993, chama cha watengenezaji wa vifaa vya picha kiitwacho VESA kilitoa kanuni ya namna kompyuta itakavyokiambia kioo kilale. Njia iliyochaguliwa ilikuwa nyepesi: kompyuta husitisha mapigo yanayoongoza upangaji wa picha, na kioo kinapokosa mapigo hayo hujua kuwa kimetakiwa kupumzika. Vioo vyembamba vya siku hizi hutumia nyaya nyingine, lakini bado hulala kinapokosekana cha kuonyesha.

Jambo hili lina faida kwa mtumishi anayetafuta chanzo cha giza. Kama kioo hulala kwa kukosa mapigo, basi waya uliolegea nyuma ya kioo huleta giza lile lile na taa ile ile ya kupumzika. Fagio la mhudumu wa usafi linaweza kuleta matokeo sawa na ya kitufe.

HALI TANO ZENYE GIZA MOJA

Mtu anayeona kioo cheusi anapaswa kwanza kujiuliza ni hali ipi kati ya hizi tano.

Kwanza, kioo pekee kimelala. Mashine iko macho, feni inasikika, na kazi yote ipo. Kugusa kitufe chochote au kusogeza kipanya kunatosha kurejesha picha.

Pili, mashine nzima imelala. Feni imenyamaza, na taa ndogo ya mashine hupepesa taratibu au hubadilika rangi. Kazi iliyokuwa ikiendelea imebaki katika kumbukumbu ya muda, ambayo huhitaji umeme kidogo ili isipotee.

Tatu, mashine imelala usingizi mzito. Hapa kompyuta huandika kila kilichokuwa wazi katika diski yake, kisha hujikatia umeme kabisa. Kwa macho inafanana na iliyozimwa, lakini ikiwashwa hurejesha kazi pale ilipokuwa.

Nne, mashine imefungwa kwa neno la siri. Hii hasa si hali ya giza, bali mara nyingi huambatana nayo, kwani baada ya kufungwa kioo hulala chenyewe. Kazi ipo, na mwenye neno la siri peke yake ndiye anayeweza kuiona.

Tano, mashine imezimwa, au umeme umekatika. Hapo kisichohifadhiwa kimepotea.

Kipimo chepesi cha kuzitenganisha ni kitufe cha herufi kubwa, kilichoandikwa Caps Lock. Kibonyezwe mara moja na kutazama taa yake ndogo. Ikiwaka na kuzimika kila kinapobonyezwa, mashine iko macho na tatizo ni la kioo tu. Isipobadilika, mashine imelala, imezimwa au imekwama. Kibodi zisizo na taa hiyo hukosa kipimo hiki, na hapo sikio hutegea feni na jicho hutazama taa ya mashine.

VITUFE VINAVYOLAZA

Kibodi ya karani wa Handeni ilikuwa ya aina inayopatikana sana madukani. Jirani na kitufe cha kufutia, kilichoandikwa Delete, kuna vitufe vitatu vidogo vilivyopangwa mstari mmoja: Power, Sleep na Wake Up. Cha kwanza huzima, cha pili hulaza, cha tatu huamsha. Kidole kinachotafuta cha kufutia bila msaada wa macho hukosea kwa umbali wa nusu inchi tu. Mashine ya karani ilikuwa imelala kwa hali ya pili, na orodha yake yote ilikuwamo ndani salama. Angebonyeza kitufe cha tatu, au angegusa kile cha kuwashia mara moja kwa ufupi, bibi angerudi kijijini na jibu.

Kompyuta za mkononi zina njia nyingine. Chini kushoto kuna kitufe kilichoandikwa Fn, ambacho kikishikwa pamoja na kimoja cha vitufe vya mstari wa juu, F1 hadi F12, hutoa amri maalumu. Alama ya mwezi mwandamo au herufi Z zilizofuatana kwa kawaida humaanisha kulaza mashine. Alama ya kioo kilichokatwa kwa mstari humaanisha kuzima kioo tu. Alama ya jua dogo hupunguza mwanga, na katika baadhi ya mashine mwanga ukipunguzwa hadi mwisho, kioo huonekana kama kimezimika. Nambari ya kitufe hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, hivyo mtumishi asikariri nambari aliyoisikia kwa mwenzake, bali asome alama za mashine yake.

Katika kompyuta za Apple, vitufe Control na Shift pamoja na kile cha kutolea diski, chenye alama ya pembetatu juu ya mstari, hulaza kioo peke yake. Katika zisizo na kitufe hicho, kile cha kuwashia kilichukua nafasi yake.

Kwa mashine za Windows, kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi L hufunga kompyuta kwa neno la siri. Hiki ndicho alichokihitaji mtumishi wa Korogwe.

KITUFE KISIPOTII

Wapo wanaolalamika kinyume, kwamba vitufe vya kulaza kioo havifanyi kazi. Sababu za kawaida ni nne.

Ya kwanza ni Fn kubadilishwa mwenendo. Katika mashine nyingi, kubonyeza Fn pamoja na Esc hugeuza mstari wa juu, hata kitufe kilichokuwa kikihitaji Fn kisihitaji tena, na kilichokuwa hakihitaji kikaihitaji. Ibonyezwe mara moja, kisha ijaribiwe tena.

Ya pili ni programu ya mtengenezaji kukosekana. Amri nyingi za Fn hutafsiriwa na programu ndogo inayokuja na mashine kutoka kiwandani. Fundi akifuta diski na kuweka Windows upya bila kurejesha programu hiyo, kitufe kinabaki na alama yake lakini hakina wa kumsikiliza. Dawa yake ni kupata programu hiyo kutoka kwa mtengenezaji, kwa jina kamili la mashine, wala si kubadilisha kibodi.

Ya tatu ni mashine kutokuwa na kitufe kinachotajwa. Kompyuta mpya za Apple zina kitufe cha kuwashia kinachosoma alama ya kidole, na hicho hakikubali amri ile ya Control na Shift. Mwenye mashine hiyo anaweza kutumia Control, Command na Q kwa pamoja, ambavyo hufunga mashine, au akapanga katika mipangilio kwamba kipanya kikifikishwa pembe fulani ya kioo, kioo kilale.

Ya nne ni mpangilio wa umeme. Katika Windows upo ukurasa unaoamua kitufe cha kulaza kifanye nini. Kinaweza kuambiwa kisifanye lolote, kilaze mashine, kiilaze usingizi mzito, au, katika nyingi za matoleo ya karibuni, kizime kioo tu. Kompyuta ya mkononi huwa na safu mbili za mpangilio huo, moja ya inapotumia betri na nyingine ya inapotumia umeme wa ukutani. Kwa hiyo kitufe kinaweza kutii asubuhi na kukaidi jioni bila ya kuwa na ubovu wowote.

Katika ofisi zenye kibodi ya vitufe vitatu iliyotajwa, ni busara kumwomba fundi akiambie kitufe cha Sleep kisifanye lolote. Kazi hiyo huchukua dakika mbili, na msiba wa Handeni hautajirudia.

KIOO KINACHOZIMIKA NA KUWAKA PAPO HAPO

Mara nyingine kioo hutii, hulala kwa muda wa pumzi moja, kisha huwaka tena. Mashine ikihisi kuguswa kokote hudhani mwenyewe amerudi. Vidole vinapoachia vitufe kwa kuchelewa, mwachio huo huweza kuhesabiwa kama mguso mpya. Vitufe vibonyezwe na kuachiwa upesi, na mkono uondoke mezani.

Ikiwa bado kinawaka, mshukiwa wa pili ni kipanya. Vipanya vya siku hizi huona mwendo kwa taa ndogo iliyo chini yake, na juu ya meza inayong'aa au ya kioo taa hiyo huweza kuona mwendo usiokuwapo. Mtikisiko wa feni ya mezani pia unatosha. Kigeuzwe kipanya chali, kisha kioo kilazwe. Kikidumu katika usingizi, kosa limepatikana, na kipande cha karatasi au kitambaa cheusi chini ya kipanya kitatosha kuwa dawa.

KIOO KISICHOAMKA

Kwa kioo kilichozimika na kisichotaka kuamka, utaratibu ufuatao ufuatwe kwa mpangilio wake bila kuruka hatua.

1. Mtumishi aondoe mkono kwenye kitufe cha kuwashia. Hakuna kazi inayopotea kwa kusubiri dakika moja.

2. Abonyeze Shift mara moja, kwani kitufe hicho hakiandiki herufi, kisha asubiri sekunde 15. Mashine kongwe huchelewa kuamka, na kubonyeza mfululizo kunaweza kuilaza tena.

3. Atazame taa ya kioo na waya wake. Vioo vingi huwa na taa ya manjano au inayopepesa vinapopumzika. Taa isiyowaka kabisa mara nyingi humaanisha kioo hakina umeme. Waya usukumwe ukae sawa pande zote mbili.

4. Apime kwa Caps Lock kama ilivyoelezwa. Taa ikitii, na ikiwa waraka uliokuwa wazi ulikwishapewa jina, abonyeze Ctrl na S. Waraka utahifadhiwa hata gizani, alimradi mashine haijajifunga. Hatua hii peke yake imeokoa kazi za wengi.

5. Kwa mashine za Windows 10 na 11, abonyeze kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Amri hii huanzisha upya programu inayoongoza kioo bila kugusa kazi iliyo wazi. Mara nyingi husikika mlio mfupi, na picha hurudi.

6. Ikiwa mashine hutumiwa pamoja na mtambo wa kuonyesha picha ukutani, huenda picha imepelekwa huko. Kitufe cha Windows pamoja na P hufungua orodha ya kuchagua kioo. Ibonyezwe P mara moja tena kwa kushikilia kitufe cha Windows, kisha Enter, na kusubiri kidogo kabla ya kurudia.

7. Ikiwa Caps Lock haitii na feni imenyamaza, mashine imelala. Kitufe cha Wake Up kibonyezwe. Kisipofaa, kitufe cha kuwashia kiguswe mara moja kwa ufupi, na kidole kiondoke. Mguso mfupi huamsha mashine iliyolala.

8. Hatua ya mwisho kabisa, baada ya zote kushindikana, ni kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa. Tendo hili hukata umeme kwa nguvu, na kila kisichohifadhiwa hupotea. Afadhali lifanywe na fundi, au mbele ya mkuu wa kitengo.

Itaonekana kuwa karani wa Handeni alianza na hatua ya nane. Hakuwa mzembe. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ilichukua miaka mingi kabla ya mashine hizo kuenea maofisini. Watumishi wengi wa rika la mwandishi walizikuta wakiwa watu wazima, wakajifunza kwa woga, na wakawafundisha vijana wao dawa moja ya kila ugonjwa, yaani kuzima na kuwasha. Dawa hiyo ina mahali pake, lakini si mwanzo wa matibabu.

USINGIZI NA UMEME

Watu wa visiwani na watu wa Korogwe wanategemea gridi moja ya umeme. Mto Pangani unaendesha kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kilichoanza kazi mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21, na chini yake kituo kipya cha maporomoko ya Pangani cha megawati 68, kilichoanza mwaka 1995. Kutoka Tanga, waya wa chini ya bahari ulifikishwa Pemba mwaka 2010 kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo kisiwa hicho kilitegemea majenereta ya dizeli. Unguja nayo haijasahau giza la Mei na Juni 2008, wala lile la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Jambo hili linahusu kitufe cha kulaza moja kwa moja. Mashine iliyolala kwa hali ya pili hutunza kazi kwa umeme. Ya mkononi ina betri yake, na umeme ukikatika huendelea kulala salama hadi betri iishe. Ya mezani isiyo na kifaa cha akiba ya umeme hupoteza yote mara umeme unapokatika, ingawa baadhi hupangwa kuandika nakala katika diski kabla ya kulala. Kwa hiyo mtumishi anayekwenda kula au kuswali, akiacha mashine ya mezani imelala na waraka haujahifadhiwa, ameweka kazi yake mikononi mwa hali ya hewa. Ctrl na S kwanza, kisha kulaza. Kwa kuondoka jioni, mashine izimwe kabisa.

Kulaza kioo peke yake bado ni jambo jema na linahimizwa. Kioo chembamba cha ofisini kwa kawaida hula wati 20 hadi 30 kikiwa macho, na kikilala hakizidi wati moja au karibu yake. Ofisi yenye vioo vingi hupata nafuu ya kweli katika bili yake mwisho wa mwezi.

GIZA SI KUFULI

Linabaki jambo la Korogwe, nalo ndilo zito zaidi. Orodha iliyopotea huweza kuandikwa upya, na bibi akaombwa radhi. Siri ya watu ikitoka hairudi.

Kulaza kioo hakufungi kitu. Kioo kilicholala huamshwa na yeyote, hata na kikapu. Kwa hiyo anayeondoka mezani, hata kwa hatua kumi, afunge kwanza kwa kitufe cha Windows na L, ndipo akitaka alaze kioo. Aidha, fundi aombwe apange mashine idai neno la siri kila inapoamka, na ijifunge yenyewe baada ya dakika chache bila kutumiwa. Neno hilo lisiandikwe kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya kioo, kama inavyoonekana katika ofisi nyingi.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi na ya familia yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika mwezi Mei 2023. Lakini kabla ya sheria hizo watu wetu walikuwa na neno lao, nalo ni amana. Mwananchi anayetaja mbele ya karani jina la mzazi wake, ugonjwa wake au fungu lake la mirathi ameweka amana, na aliyewekewa hawezi kujitetea kwa kusema alidhani mlango umefungwa.

Mwananchi naye ana haki na wajibu. Akiona kioo cha ofisi kimezimika mbele yake, asikubali upesi kwamba mtambo umekufa na kwamba arudi kesho. Anaweza kuuliza kwa adabu, kama alivyouliza bibi wa Handeni, kama hauwezi kuamshwa. Na akiona maandishi ya mtu mwingine yamewaka mbele yake, ageuze uso na amjulishe mtumishi.

Watumishi wanaombwa kukata sehemu ya hatua nane zilizotajwa na kuibandika ukutani karibu na mashine, na wakuu wa vitengo wahakikishe kila anayekaa mbele ya kompyuta anajua mambo mawili bila kusoma: namna ya kuhifadhi na namna ya kufunga. Palipo na shaka, aulizwe fundi wa ofisi kabla ya kitufe cha kuwashia kuguswa.